Hodi ya Pilipili Hoho kwenye Mgomba

Kemilembe anasinzia akiwa amenuna, na usingizi wa mtu aliyenuna haumpeleki pazuri. Ni mchana. Amekaa kwenye kiti cha plastiki nje ya chumba cha kukuzia miche, katika kituo cha utafiti anakofanya kazi, anasubiri sufuria kubwa ya mvuke imalize kuchemsha vyombo, na miguuni pake kuna beseni la visahani vya maabara anavyotakiwa kuvitupa kwa sababu vyote vimekufa tena. Vimekufa vyeupe, kama vilivyokufa vya mara iliyopita na vya mara ya kabla yake. Ndani ya kila kisahani mlikuwa na vichembe vya mgomba wa kwao Kagera, ule wa matoke, na kazi yake miaka yote hii ni moja tu: kuchukua jeni kutoka kwenye pilipili hoho na kuiingiza ndani ya mgomba, ili mgomba nao ujue kupambana na ugonjwa wa mnyauko. Mnyauko ndio uliomaliza kibanja cha mama yake, lile shamba la migomba linaloizunguka nyumba. Na huyo mama, Ma Adeltruda, ambaye mtu angedhani ndiye angekuwa wa kwanza kumwombea, juzi amemwambia kwenye simu bila kupepesa, usiniletee mgomba usiojulikana ukoo wake. Kemilembe akakata simu bila kuaga. Sasa anafumba macho na kujiambia kwamba hakukosea. Anapoyafumbua, mlango wa chumba cha miche uko wazi, na yeye ndiye aliyeufunga.

Anainuka aende kuufunga, anashika kitasa, na badala ya kuuvuta mlango anajikuta amevutwa yeye. Huku ndani hakuna rafu wala chupa. Kuna barabara nyeupe inayong'aa kama taa za tyubu, haina jua juu wala kivuli chini, inakwenda mbele, inapinda, inapanda, inashuka na kumrudisha pale pale alipoanzia, kisha inajigawa mara mbili, na kila tawi linajigawa tena, na kila tawi linanukia udongo uliolowa. Ngumi yake imefumbata kitu. Anaifungua na kukuta kipande chekundu, chembamba kuliko uzi, kinachotekenya kiganja, na anakijua papo hapo ingawa hajawahi kukiona kwa macho: ni jeni yake, ile ya pilipili hoho. Mungu wangu, anasema kwa sauti, hata usingizini ni kazi tu. Pembeni ya barabara amesimama mtu mwenye koti jeupe la maabara, na juu ya kola, pale panapotakiwa kuwa na uso, pako laini kama ganda la yai. Kemilembe amechoka mno hata kuogopa. Anamuuliza, samahani ndugu, njia ya kwenda ndani ya mgomba ni ipi? Yule asiye na uso anajibu, njia ni yule anayepita. Kemilembe anasema, nimekuuliza njia, sikukuomba kitendawili. Yule anasema, aliyekuja kuiba ndiye anayejua mlango. Anatembea, na kwa kuwa barabara zote zinamfuata yeye kama mkia, Kemilembe naye anamfuata, huku analalamika. Anamuuliza jina, anaambiwa, jina langu lipo chini ya kucha zako. Anamuuliza kama ni mbali, anaambiwa, mbali ni pale usipobishia hodi. Anamwambia, wewe ungefaa kuwa mkurugenzi, maana hakuna unachojibu, na yule haonekani kuudhika, kwa sababu hana cha kuudhikia. Wanatembea hivyo, barabara inazunguka, udongo unanukia, mpaka Kemilembe anasimama ghafla na kusema, ngoja kwanza, mimi nakujua wewe. Wewe ni yule bakteria wa udongoni. Kwa asili yako ni mwizi. Unaingia kwenye mmea kupitia jeraha, unapenyeza jeni zako ndani ya zake, na mmea unaota uvimbe na kukulisha wewe bila kujua. Sisi tulikunyang'anya zile jeni za uvimbe, tukakuachia ujuzi wa kuingia, tukakupa mzigo wetu uubebe. Yule anasimama, na kwa mara ya kwanza anajibu kama mtu. Ndiyo, anasema. Mlining'oa meno mkanifanya tarishi. Nipe huo mzigo, tumefika. Kemilembe anampa kile chekundu.

Wamefika kwenye mji, na mji huo ni nyumba moja iliyorudiwa. Kulia, kushoto, mbele, mpaka macho yanapoishia, ni nyumba ile ile ya bati lililopakwa rangi ya kijani, kizingiti kile kile kilicholika katikati, jiko la nje lile lile lenye moshi. Kemilembe anaijua, amezaliwa humo. Kila nyumba ni chembe hai moja, seli moja, ya mgomba, na kila chembe ina kila kitu ilicho nacho nyingine, kwa hiyo hata pazia lenye tundu lililochomwa na mshumaa linaning'inia kwenye madirisha yote kwa wakati mmoja. Tarishi anabisha hodi nyumba ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Anaruka nyingi, anabisha moja, anaruka nyingine. Kemilembe anauliza, kwa nini huzigongi zote? Tarishi anasema, hodi ni yangu, karibu si yangu. Ah, anasema Kemilembe, tumerudi kulekule. Ndipo anasikia maji. Yanakuja kutoka mwisho wa mitaa yote, meupe, mazito kidogo, yanatambaa chini bila haraka, na nyumba yanayoifikia inapauka, inakuwa nyeupe kuanzia msingi hadi bati, halafu inanyamaza. Hayo nayo anayajua. Ni dawa anayoimimina yeye kwenye visahani. Jeni ya pilipili huwa haisafiri peke yake, wanaifunga pamoja na jeni nyingine, ya kinga dhidi ya dawa hiyo, na chembe iliyompokea mgeni inapona, isiyompokea inakufa, na hivyo ndivyo mtu wa maabara anavyojua ni ipi iliyokubali. Huwa anaimimina huku anasikiliza redio. Hajawahi kusimama huku chini.

Anakimbia. Nyumba zinapita, zote za kwao, zote zikiwa kimya, mpaka anafika kwenye moja ambayo mlango wake umeegeshwa na ndani anasikika mtu akikohoa, na kikohozi hicho hakina nakala. Anaingia. Sakafu imetandikwa nyasi mbichi kama siku ya kupokea wageni, na Ma Adeltruda ameketi juu yake, miguu ameinyoosha, anamenya ndizi. Shikamoo mama, anasema Kemilembe huku anahema. Marahaba, anasema mama bila kuinua macho, leo umekumbuka kuamkia. Mama, inuka, kuna maji yanakuja, yanaua, lakini nina mtu hapa mlangoni, ukimpokea utapona. Mama anamtazama tarishi aliyesimama kizingitini. Anachukua kibakuli cha kahawa kavu za kutafuna, kama anavyomkaribisha mgeni yeyote, anamnyooshea. Tarishi hana mdomo. Kahawa zinabaki hapo katikati yao. Mama anamgeukia mwanawe na kuuliza, huyu atakula nini humu? Hali kitu, anasema Kemilembe, mama tafadhali, si yeye anayekaa, yeye anashusha mzigo tu, anayekaa ni huyu mwekundu, ametoka kwa pilipili hoho. Na atakaa wapi? Kemilembe anageuka kutazama maji yamefika wapi. Nakuuliza, mwanangu, atakaa wapi, maana nyumba hii ina mahali pa kulala, ina mahali pa moto, ina mahali pa mizimu ya baba yako. Hatuchagui, anasema Kemilembe, anaingia anakaa popote anapoangukia, pengine pasipo na madhara, pengine juu ya kitu cha muhimu akakiharibu, ndiyo maana tunabisha nyumba nyingi, halafu tunachagua zile alizokaa vizuri. Na zile alizokaa vibaya? Tunazitupa. Mama anaendelea kumenya. Maji yanasikika karibu. Na haya maji, anauliza, kayaleta nani? Kemilembe anasema, mama huu si wakati wake. Kayaleta nani? Mimi, anasema Kemilembe. Mama anaweka kisu chini. Kwa hiyo wewe ndiye uliyefungulia mafuriko, na wewe ndiye umekuja kuniuzia mtumbwi.

Kemilembe anapandwa na hasira zake zote kwa mpigo, za visahani, za simu, za vitendawili vya njiani. Nakufanyia wewe haya yote, anapiga kelele, kwa ajili ya nani mwingine nakaa kwenye chumba kisicho na dirisha mpaka macho yananiuma? Ulilia wewe, si mimi. Mimi niliona migomba yako inavuja usaha wa manjano, nikaona ndizi zinaiva mkunguni kabla hazijakomaa, zimeoza ndani, nikaapa. Na bado unaniuliza ukoo! Mama hapandishi sauti. Anasema, hujaniambia bado huyu mwekundu kazi yake ni nini. Miaka yote unaniambia atazuia ugonjwa, atazuia ugonjwa, kama mwanasiasa. Anazuiaje? Na Kemilembe, kwa kuwa maji yamefika kizingitini na hakuna nafasi ya kujigamba, anaeleza kwa kifupi kuliko alivyowahi kueleza mbele ya mtu yeyote. Ugonjwa unapoingia kwenye chembe moja, anasema, mgomba wetu hushtuka umechelewa. Ugonjwa unakula chembe hiyo, unahamia ya pili, unaenea mti mzima. Huyu anaiamsha chembe mapema. Inajua imeingiliwa, inajiua yenyewe hapo hapo, na ugonjwa unakosa pa kupitia. Nyumba moja inaungua ili mji ubaki.

Ma Adeltruda anasukuma maganda pembeni. Maji yanaingia chini ya nyasi na nyasi zinaanza kuelea. Mimi nilikata yote, anasema mama. Bwana shamba alipokuja akasema aliye na mgomba mgonjwa akate shamba lote na kulifukia, nilikata. Ile aliyoipanda baba yako, nilikata. Majirani walificha yao nyuma ya kahawa, wakasema Adeltruda ana haraka, na ugonjwa ukatoka kwao ukaenda kwa watu wa bondeni. Wewe ulikuwa chuoni. Ulipiga simu ukaniambia pole, ukaanza kunieleza habari za pilipili. Hukuniuliza nilikata na nani. Kemilembe anahisi maji kwenye vifundo vya miguu, baridi, na anauliza kwa sauti ndogo, ulikata na nani, mama? Peke yangu, anasema mama. Basi mlete huyo mgeni. Anayejua kazi hiyo ya kuangamiza chake ili wengine wapone si mgeni sana. Lakini akikaa mahali pabaya, sitaki kutupwa, nataka uje unitazame kwanza.

Tarishi anavuka kizingiti. Hapiti sebuleni kama watu, anapenya ukuta, na kile chekundu kinamtoka mkononi, kinaruka, kinatua mahali ambapo Kemilembe hapaoni hata anapoinama chini ya kitanda na kuinua mafiga. Nyumba inatikisika. Maji yanafika ukutani, yanajaribu, yanarudi nyuma. Mama anacheka, kicheko chake cha zamani, na Kemilembe anataka kumkumbatia, ila hapo hapo nyumba inajivuta katikati kama unga unaokandwa na kugawanyika, zikawa mbili, na ndani ya kila moja ameketi Ma Adeltruda anamenya ndizi. Mbili zinakuwa nne. Paa zinachipua kijani. Mama wamejaa mji mzima, wote ndio wenyewe, wote wanainua macho mara moja na kumuuliza kwa sauti moja, umekula wewe? Na Kemilembe, anayetakiwa kuzungumza na mmoja, anazunguka kati yao na kusema jamani, jamani, aliyenizaa ni yupi, na wote wanajibu, mimi, na hakuna hata mmoja anayedanganya.

Anaguswa bega. Ni Mutashobya, mwenzake wa maabara, anamwambia, dada amka, sufuria ilishazima zamani, na kuna mzee wako anakungoja pale mapokezi, amekuja na basi, anasema simu zako hazina adabu. Kemilembe anakwenda bila kuuliza kama miguu yake inakanyaga sakafu. Ma Adeltruda ameketi kwenye benchi na kapu lake. Shikamoo mama. Marahaba. Nimekuja nikione hicho kitu mwenyewe, anasema mama, kwa sababu wewe hujui kueleza. Kemilembe anavuta pumzi, jibu kali liko kwenye ncha ya ulimi, analimeza. Anamvalisha mama koti jeupe, linaburuza chini, anamwongoza hadi kwenye rafu ya mwisho ambayo bado haijakaguliwa, na kwenye kisahani kimoja, katikati ya vichembe vyeupe vilivyokufa, kuna nukta ya kijani. Anakiinua kwenye mwanga. Inaweza kuwa yenyewe. Inaweza kuwa iliyoponea chupuchupu tu, haina mgeni wala nini. Mama anainama mpaka pumzi yake inaweka ukungu kwenye kioo. Amekaa wapi humo, anauliza. Sijui, mama, anasema Kemilembe, na anashangaa jinsi neno hilo lilivyo jepesi. Bado sijui. Njoo nikuoneshe jinsi tutakavyotafuta. Anageuka kumshika mkono, na kwenye mlango wa kioo wanaonekana mama wawili, huyu aliyekuja na basi na yule wa kwenye nyasi, wote na makoti marefu, na Kemilembe anasimama katikati, mkono ameunyoosha, anasubiri aone ni yupi atakayeushika.