Shangazi Alisema Pamelala

Wewe ulipita pale. Usiniambie hukuona. Asubuhi ile tingatinga lilipoingia kwenye bustani ya shangazi yangu, ulikuwa ng'ambo ya barabara na mfuko wako wa mkate, ukainama ghafla kufunga kamba za viatu. Ulivaa ndala. Ndala zina kamba gani?

Mimi sisahau. Nakumbuka waridi ulizoomba kwa ajili ya harusi ya binti yako, ukapewa ndoo nzima. Nakumbuka mchicha uliokuwa ukiuchuma kwa kupenyeza mkono uani, ukidhani hatukuoni. Tulikuona. Shangazi alisema, "Mwache, ana wageni."

Basi sikiliza bustani ile ilivyokwenda, maana iliondoka kwa neno moja, na neno lenyewe alilitamka yeye.

Shangazi ni mkunga mstaafu. Alilima nyuma ya nyumba yake miaka thelathini na mmoja, na udongo aliuhudumia kama mzazi wa wodini: ukishazaa, unalazwa. Kila kiangazi, mavuno yakiisha, aling'oa nyanya na bilinganya, akazikata waridi hadi usawa wa goti, akaupunguza mpasheni ukabaki kisiki, kisha akatandaza nyasi kavu juu ya matuta yote. Wiki sita. Ole wako ukanyage.

Ni katika wiki hizo ndipo alipokuja afisa wa ardhi, kijana mpole, na fomu yake ya kukagua viwanja mkononi. Mimi nilikuwa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, naziba tundu la ndoo ya kumwagilia.

"Bibi, hapa nyuma pana nini?"

"Hapa? Pamelala, mwanangu."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipong'oa nyanya. Nimepalaza mwenyewe."

"Basi tusipige kelele, tutapaamsha," akasema afisa, na sote watatu tukacheka. Mimi pia nilicheka. Shangazi akaingia ndani akamtolea papai, la mwisho la msimu. Afisa akalipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaweka alama kwenye kisanduku kimoja. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu: Linatumika. Halitumiki.

Hakuna aliyemwomba atuonyeshe alichoandika.

Mvua zikaja. Shangazi akapanda kama kila mwaka: nyanya, bamia, pilipili hoho, na maua ya harufu kali pembeni kufukuza wadudu. Waridi zikachipua, mpasheni ukapanda tena hadi kwenye bati la jiko. Matuta yakiwa yamejaa, ikabandikwa karatasi mlangoni: kiwanja kisichotumika kitakuwa maegesho ya magari ya ofisi ya ardhi. Siku kumi na nne.

Tulikwenda ofisini, yeye na mimi. Shangazi alibeba kikapu cha nyanya za kwanza kuiva, akakiweka mbele ya karani.

"Karatasi inasema halitumiki," akasema karani.

"Twende ukaone."

"Bibi, mimi siendi kuona. Mimi nasoma."

"Na hizi nyanya?"

"Hizi si za sokoni?"

"Za sokoni zina harufu hii? Hebu nusa!"

Karani akanusa, kwa heshima kabisa. "Zinanukia. Lakini pua yangu haina muhuri, bibi yangu."

Nikampigia kelele. Nikamwambia yeye, mkubwa wake, na aliyechapa ile fomu, kwamba hawajui kiangazi ni nini. Askari wa mlangoni akanishika kiwiko, akanitoa taratibu. Niliandika barua nne. Sikujibiwa hata moja.

Siku ya kumi na tano tingatinga likaja. Shangazi alimwomba dereva siku kumi, nyanya ziive tu. Dereva akasema, "Mama, mimi nimetumwa." Akashuka, akamsaidia kuchuma zile mbichi kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, kisha akajifuta mikono akapanda tena. Kazi yote haikufika nusu saa. Sasa hivi pale pana kokoto na mistari myeupe. Magari matatu.

Nyanya zile ziliozea kwenye beseni. Majirani tulimletea miche kwenye makopo, tukaipanga dirishani. Hakuimwagilia. Amegeuza kitanda, anaangalia ukuta. Juzi nilimwuliza, "Shangazi, tupande hata kitunguu mlangoni?" Akanijibu, "Waandike kwanza wao, ndipo nipande." Hatanii. Mwanamke aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa huu siku hizi anauliza kama anaruhusiwa kufungua dirisha.

Bustani hiyo hairudi. Sikudanganyi, na sitafuti huruma yako. Huruma ulikuwa nayo hata siku ile ya ndala.

Lakini ni kiangazi tena, na afisa yuko kwenye kichochoro cha nyuma ya nyumba yako asubuhi hii. Nimemwona kwa macho yangu. Bustani ya jirani yako, yule fundi cherehani mjane, imeng'olewa mboga zote, nyasi zimetandazwa, na yeye ni mtu wa kuongea kwa mafumbo na vicheko. Afisa ameshafika nyumba ya tatu. Ya fundi ni ya sita. Inuka. Toka hivyo hivyo ulivyo, simama kando ya fundi, mwombe afisa fomu, isome kwa sauti, na asiondoke mtu pale mpaka kisanduku kinachostahili kiwekewe alama mbele ya macho yako. Usimalize chai. Nenda!