Mtu wa Kupigiwa

Mama Zipu hakuwa na mtoto hata mmoja. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuna zipu iliyowahi kumshinda, na mwenyewe alikuwa akisema kwa utani kwamba watoto wake ni hao, elfu moja na ushee, na wote wameolewa kwenye suruali za watu. Wateja walicheka. Wakishaondoka na nguo zao, chumba cha cherehani kilikuwa kimya mno, naye alirudi kukanyaga pedeli.

Sasa alikuwa akijiandaa kukanyaga pedeli nyingine. Siku kumi na moja kwa baiskeli, mpaka mji wa mwisho ambako lami inakatika, peke yake, na miaka yake hamsini na mitatu. Usimuulize kuna nini huko. Hakupajua. Miaka tisa alikuwa amemuuguza mama yake, na katika miaka hiyo yote hakuvuka barabara ya hospitali. Mama alipofariki, nyumba ilibaki na kitanda kitupu na saa ya ukutani, akaona akiendelea kukaa humo atazeeka mara mbili kwa mwaka mmoja.

Maandalizi aliyafanya kifundi. Mabegi ya kando aliyashona mwenyewe kwa turubai, mishono miwili miwili, akayapima kwenye mizani ya jikoni hadi la kushoto na la kulia yakalingana, maana moja likizidi, baiskeli inavuta upande kama mbuzi aliyegoma. Alijifunza kuziba pancha akiwa amekaa sakafuni, vidole vimegandana kwa gundi, akiitukana tairi kwa adabu zote. Wiki sita alifanya mazoezi kila alfajiri, na kila alfajiri alirudi na hadithi ya mbwa au ya shimo la barabarani, akakuta hakuna wa kumsimulia. Akanywa chai.

Kilichobaki ni kuichukua baiskeli kwa fundi.

"Spoki nimekaza, breki nimebadilisha, mnyororo mpya kabisa," fundi baiskeli alisema, akilizungusha gurudumu la nyuma kwa kidole. Kisha akatoa kibati kidogo na msumari. "Haya, nipe namba ya mtu wako."

"Mtu wangu gani?"

"Wa kupigiwa. Ukianguka huko, Mungu apishe mbali, atakayekuokota ataangalia chini ya kiti, ataona namba. Mteja wangu mmoja alilala chumba cha maiti siku nne, hajulikani ni wa nani. Tangu siku ile nimeapa. Baiskeli ya safari ndefu haitoki hapa bila kibati. Nitukane ukitaka, haitoki."

Mama Zipu akataja namba, haraka haraka, kwa sauti ya mtu mwenye ndugu tele. Masikini, hakujua kwamba fundi ana desturi moja zaidi: kabla ya kuchora, hupiga kwanza ili ahakikishe. Fundi akabonyeza, akaweka simu sikioni, akasubiri. Ndani ya mfuko wa gauni la Mama Zipu, simu ikaanza kuita.

Iliita mara tano. Angalau fundi angecheka, ingekuwa nafuu. Hakucheka.

"Mama," alisema taratibu, "ukianguka, utajipigia mwenyewe?"

"Nimekosea tarakimu."

"Basi njoo kesho. Kesho nipo mpaka saa sita, njoo na namba."

Alirudi nyumbani kwa miguu, uso umemuiva kwa aibu. Akakaa mbele ya cherehani akafungua simu. Majina yalikuwemo, tena mengi! Sketi ya Bluu. Suruali Mlinzi. Gauni Harusi ya Pili. Alipiga kwa Sketi ya Bluu, mteja wa miaka kumi na miwili, mwanamke ambaye vipimo vyake alivijua kuliko mumewe alivyovijua.

"Ee mama! Imekwisha?"

"Bado. Nilitaka tu kukuuliza jambo…"

"Ikiisha nishtue, basi. Niko mbio mbio hapa."

Akaenda kwa jirani, ambaye wamegawana ukuta na moshi wa jiko. Jirani alimsikiliza vizuri, hadi mwisho, halafu akajishika kifua. "Jamani, mimi na habari za ajali! Presha yangu hii? Huna ndugu?"

Aliuliza bila ubaya wowote.

Ndugu alikuwa naye. Kitinda, mdogo wake, wao wawili tu kwa mama yao. Na hapa lazima tuseme ukweli, hata kama Mama Zipu mwenyewe alikuwa akiukwepa. Miaka yote tisa Kitinda alituma salamu, ahadi na visingizio, hakuja kumgeuza mama kitandani hata usiku mmoja. Kwa hiyo asubuhi aliyofariki mama, Mama Zipu aliishika simu, akaitazama, akasema, "Potelea mbali. Kuuguza hakuuguza, kuzika azike nini?" Akaiweka chini. Alimpigia siku ya tatu, mama yuko ardhini tayari. Kitinda hakupiga kelele. Alisema, "Sawa, dada," akakata. Huu ulikuwa mwaka wa pili.

Jioni hiyo Mama Zipu akapiga moyo konde, akapiga.

"Nani kafa?" Kitinda aliuliza, bila salamu.

"Hakuna aliyekufa."

"Mh."

"Tumebaki mimi na wewe, Kitinda. Nani tena wa kufa?"

Upande wa pili yalisikika maji ya bomba na sahani. Mama Zipu akaeleza safari, fundi, kibati. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyozidi kujiona kichekesho.

"Yaani wewe, dada," Kitinda alisema, "unataka mimi niwe mtu wa kuarifiwa."

"Ndiyo."

"Wewe."

Hapo ndipo pa kuomba radhi, na alijua. Akasema neno jingine, kama waoga wote: "Ni namba tu, mdogo wangu."

Maji ya bomba yakafungwa. Simu ikakatika.

Kesho yake saa tano alikuwa kwa fundi, mabegi begani. "Jaribu hii," alisema. "Akikataa, baki nayo hii baiskeli, mimi nirudi kwenye zipu zangu." Akampa kisogo, akajifanya anakagua kamba za begi ambazo hazikuwa na kasoro yoyote.

"Habari za asubuhi, mama… Hapana, hapana, mzima kabisa! Mimi ni fundi baiskeli… Ndiyo, dada yako." Kisha fundi akawa anasikiliza tu. Mama Zipu alihesabu mishono ya turubai, akapotea, akaanza upya. "Haya. Haya, mama. Nitamwambia."

Msumari ukaanza kukwaruza bati.

"Kakubali?"

"Kakubali. Ila kanipa maagizo, tena kayarudia mara mbili, eti nisisahau. Likitokea la kutokea, apigiwe kabla hujazikwa, si baada." Fundi akacheka mpaka msumari ukamponyoka. "Watu wana mambo! Sasa ni nani huyo wa kuzikwa kwanza, halafu ndugu ndio waambiwe?"

Mama Zipu akageuka. Machozi yalikuwa yameshamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

"Mama yetu," alisema. "Mimi ndiye niliyefanya hivyo."