Kambamiti wa Mzee Ngolo

Minza alikuwa na kazi ambayo hakuna mtu wa Mlandege aliyeielewa, naye alishachoka kuieleza. Mwenye nyumba wake, mama Tumpe, alijua tu kwamba yule binti wa Kisukuma anashinda chumbani na kompyuta, anaongea peke yake, na hana mgeni. "Unatunza bahari?" aliwahi kumuuliza. "Huku huku Iringa?" Akacheka mpaka akakaa chini.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Programu yenyewe iliigiza bahari ya delta ya Rufiji, nayo iliundwa kwa vipande. Mmoja aliandika mikondo ya maji, mwingine vijimea vinavyoelea, mwingine kambamiti. Kila kipande kilipokea tarakimu kutoka kwa jirani yake, kikatoa zake, basi. Kufungua cha mwenzako ukaanza kuchokonoa kulikuwa ni utovu wa adabu. Minza alipewa mto, yaani maji ya bara na rutuba yake, aikabidhi bahari.

Wenzake walikuwa sauti tu kwenye simu. Wiki nzima ingepita hajaitwa jina lake na mtu anayemwona usoni. Upweke ule ulimuuma, tusidanganyane, na uliomuuma zaidi ulitoka nyumbani.

Kiangazi kilichopita alikwenda Madibira kwa baba yake, Mzee Ngolo, aliyehama Usukumani na ng'ombe zake akageuka mkulima wa mpunga, na mpunga huo huo ukamsomesha Minza. Majirani wakiwapo, Minza akamfungulia kompyuta, akamwonyesha mstari wa kambamiti: kila kiangazi unaporomoka mpaka chini kabisa.

"Unaona, baba? Maji mnayakinga nyie huku, mto unakauka, kule baharini viumbe vinakufa. Ndiyo mpunga wako huo."

Msomi huyo! Mzee aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshafungiwa zizini. Tangu hapo simu hapokei. Minza akapiga, akapiga, mwisho naye akanuna. Kama kakasirika kwa kuambiwa ukweli, shauri yake.

Mvua zilikuwa zimeshakolea pale Rubab, yule wa kambamiti, alipopiga simu kutoka Dar es Salaam.

"Shoga yangu, wanangu wanakufa wote kila mwaka, lakini watu wa delta wanawavua kama kawaida. Huo mto wako unakauka kabisa?"

"Unakauka. Nimekulia pale, Rubab. Kiangazi tulikuwa tunacheza katikati ya mto, vumbi tupu."

"Huo ni Ruaha. Kilombero je?"

Minza akafungua kipande chake: Ruaha peke yake. Rufiji inalishwa na mito kadhaa, na Kilombero ni mkubwa kuliko Ruaha; hata mtoto wa shule ya msingi anajua. Naye alijua, jamani! Ila alipokaa kuandika, mto moyoni mwake ulikuwa mmoja tu, ule wa kwao, akaikausha Rufiji nzima kwa sababu utotoni aliuvuka bila kulowa. Na kwa kuwa hakuna aliyefungua kipande cha mwenzake, wote walipokea tarakimu zake na kushukuru.

Akaongeza mito iliyobaki, akaiendesha programu. Kiangazi kikafika, mstari ukashuka kidogo, ukainuka. Kambamiti wazima! Alitamani kumkumbatia mtu, lakini chumbani palikuwa na jiko la gesi na ndoo.

Akampigia Nashoni, jirani wa baba yake, akamsihi ampelekee mzee simu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka, mama. Hujambo?" Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu anayejiona ndiye mkosaji.

"Mbona hupokei simu zangu?"

"Sasa ningekwambia nini? Niliona aibu. Nikasema nikishalitoa shamba ndiyo nitapokea. Nimelitoa, na bado nikaona aibu."

"Shamba gani, baba?"

"La mpunga. Nimelirudisha kwenye skimu ya umwagiliaji."

"Lakini si atalima mwingine? Maji si yale yale?"

"Atalima yeye. Mimi sikutaka niwe mimi. Nikusomeshe, halafu niharibu kazi yako?"

"Baba, nilikosea. Hawafi. Walikuwa wanakufa kwenye kompyuta tu, na kosa ni langu."

"Hawafi? Wale wa baharini?"

"Hawafi, baba."

"Hata kiangazi?"

"Hata kiangazi."

Mzee Ngolo akacheka, akacheka kweli. "Loo! Afadhali. Walikuwa wananinyima usingizi, hao." Minza akamsikia akimwambia Nashoni kwamba viumbe vya baharini havijambo, binti kahakikisha mwenyewe. Hakuna lawama hata chembe, na hapo ndipo Minza alipoanza kulia.

"Lazima tulidai shamba letu, baba. Nitakuja, nitawaeleza mimi mwenyewe."

"Ah, mama, wenzetu wameshapanda. Juzi nimepita pale, mpunga umeota vizuri kweli."