Pingamizi la Mpimaji

Ushirika wao ulikuwa mdogo kiasi kwamba mtu mmoja akishikwa na mafua, chumba kizima kilionekana kitupu. Walikutana kila Jumamosi alasiri katika darasa la chekechea walilokodi, wakakaa kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu, chini ya picha za herufi na wanyama. Hawakuwa na mchungaji wala shehe. Mwenye kusali alisali, mwenye kutafakari alitafakari, na asiyeamini chochote alikaribishwa chai kama wenzake. Kila wiki mtu mmoja alizungumza juu ya jambo analolijua, kisha wengine wakachangia.

Angalau ndivyo ilivyotakiwa iwe. Fundi cherehani, ambaye ndiye aliyetafuta wazungumzaji na kupanga viti, alijua ukweli wake: mazungumzo yenyewe yalikuwa kama nyama katika mchuzi wa mgeni aliyechelewa, unaitafuta kwa kijiko.

Shida ilikuwa maneno ya kufungulia. Waasisi wa ushirika walitoka katika nyumba za ibada walikolazimishwa kutamka wasiyoyaamini, wakaapa kwamba hapa hakuna atakayetiwa maneno mdomoni. Kwa hiyo maneno ya kufungulia yalisomwa kila wiki, na ilibidi kila aliyepo ayakubali. Akitokea wa kupinga, asikilizwe mpaka mwisho, asikatizwe, asijibiwe. Na pingamizi halikuondoka mpaka mwenyewe aliondoe kwa kinywa chake. Asiyekuwepo na lake halipo, husema watu. Pale, aliyepinga akaenda zake aliliacha lake limekaa kitini likimngoja.

Fundi aliichukia kanuni ile kwa moyo wake wote. Alikuwa mtu wa sala. Alisali akitia uzi kwenye sindano, alisali akingoja pasi ipate moto. Na mara nyingi alimwomba Mungu aiondoe kanuni hiyo, ikibidi pamoja na Kinyozi.

Kinyozi ndiye waliyempa jina la utani, Nyongeza. Alikuwa mzee msafi, ndevu zimechongwa kama kwa rula, na kazi yake ilimzoesha kusema na watu wasioweza kuondoka kitini. Kila jambo likikaribia kuisha alinyanyuka na kusema, "Nina nyongeza kidogo." Wiki moja alipinga neno "mwanga" kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Mwenyekiti hakuweza kumzuia. Yeye alikuwa daktari wa meno, mama mpole aliyezoea kusema na watu wasioweza kujibu, na akijibiwa alichanganyikiwa.

Jumamosi hii Fundi hakuwa na nafasi ya mchezo. Mzungumzaji alikuwa kaka yake.

Kaka yake alikuwa mpimaji wa ardhi. Tangu wamzike mkewe, wifi yake Fundi, mtu yule alikuwa amezimika. Meza ya kulia ilikuwepo, viti vilikuwepo, na yeye alikula amesimama kando ya jiko, sufuria mkononi. Ukimwuliza habari anasema "sawa". Ukimwambia mvua imevujisha paa lake anasema "sawa". Fundi alimbembeleza mwaka mzima aje ushirika, aone watu, asikie hata sauti yake mwenyewe. Ilikuwa kumpigia mbuzi gitaa. Hatimaye, wiki iliyopita, kaka akasema, "Nitakuja mara moja. Nitawaeleza jinsi tunavyopima mipaka. Baada ya hapo, mdogo wangu, usinisumbue tena. Nimeeleweka?"

"Umeeleweka, kaka."

Mara moja. Fundi aliifunga mara moja hiyo moyoni kama mtu aliyepewa yai moja abebe sokoni.

Kaka alikuja amevaa shati alilopiga pasi upande wa mbele tu, karatasi ya mazungumzo mfukoni. Akakaa kwenye kiti kidogo karibu na mlango. Daktari akasimama, akasoma:

"Tumekuja mbele ya Uhai kwa shukrani, kila mtu kwa njia yake. Kuna anayepinga?"

Fundi aliwakazia macho wote, mmoja mmoja, kama mwenye duka siku ya wizi. Hakuna mkono uliopanda. Akaanza kushusha pumzi.

"Sipingi," Kinyozi akasema, akinyanyuka. "Nina nyongeza kidogo. Hapo kwenye Uhai tungesema, 'Mungu au Uhai'. Wapo wanaomkosa Mungu humo."

"Mimi sijamkosa," Fundi akasema. "Tuendelee."

"Nakusemea wewe, dada. Wewe ndiye mwombaji."

"Usinisemee, mzee wangu. Tafadhali."

"Ukisema 'Mungu au Uhai'," akasema mwalimu wa chekechea, mwenye darasa lile, "ni kama unaniuliza nataka chai au maji. Mimi siamini, lakini sitaki kuwekwa upande wa maji."

"Basi 'Mungu na Uhai'."

"Hapo umeniwekea vyote viwili."

Daktari alitazama karatasi yake kama jino asilolielewa. "Labda tutafute neno la katikati," akasema, na Fundi akafumba macho. Neno la katikati lilikuwa limewahi kuwalia alasiri nzima.

Walilitafuta. Walipita kwenye Chanzo, wakapita kwenye Upendo, ambao Kinyozi aliona una mambo ya ujana. Jua lilihama kutoka kwenye picha ya punda likafika kwenye picha ya tembo. Nje, mlinzi wa shule alianza kuchezesha funguo, maana akifunga geti ndipo naye aende kwake.

Kaka akatoa karatasi yake mfukoni, akaitazama, akairudisha. Kisha akachukua kofia yake kutoka sakafuni.

Maji yalimfika Fundi shingoni. Mungu wangu, akasali, nipe subira, lakini isichelewe. Maneno yalishampanda kooni, na hayakuwa maneno ya mtu wa sala: alitaka kuwaambia kwamba wanagombea jina la mlango wakati mtu amesimama nje ya nyumba. Alikuwa ameshashika mgongo wa kiti ainuke.

"Basi turudi palepale," Daktari akasema kwa sauti ya kuchoka. "'Tumekuja mbele ya Uhai kwa shukrani, kila mtu kwa njia yake.' Kuna anayepinga?"

"Mimi," akasema kaka.

Aliinua kidole kimoja, kama mtoto wa darasa lile. Wote wakageuka. Fundi akarudi kitini.

"Unapinga Uhai?" Daktari akauliza.

"Huo sina ugomvi nao. Napinga shukrani. Mmezungumza mchana kutwa na hilo hakuna aliyeligusa. Mimi sikuja na shukrani."

Kinyozi akafungua mdomo. Daktari akainua mkono. "Anasikilizwa mpaka mwisho," akasema. "Ndiyo kanuni."

Kaka akaikunja kofia. Sauti yake ilikuwa na kutu, kama bawaba ya mlango wa stoo.

"Mke wangu alipokufa, mtu wa kwanza kunijia pale hospitali aliniambia nishukuru hakuteseka. Aliteseka. Nilikuwepo. Wa pili akaniambia nishukuru tulikaa miaka mingi. Mwingine, nishukuru nina kazi. Kila aliyekuja alileta la kushukuru, akaliacha mezani, akaenda kwake. Ndiyo maana siketi kwenye ile meza."

Akaikunjua kofia, akaikunja tena.

"Kuna kikombe chake dirishani. Kina alama ya midomo. Sijakiosha, na sitaki mtu akioshe. Mdogo wangu anajua. Akija husafisha jikoni kote akakiruka. Hajawahi kuniambia nishukuru. Mimi nikipata la kushukuru nitalisema mwenyewe. Msinisemee. Nimemaliza."

Fundi hakujua kwamba aliwahi kuonwa akikiruka kile kikombe. Alitazama mikono yake.

Kanuni haikuruhusu jibu, na kwa mara ya kwanza tangu aijue, Fundi aliona haja yake. Hakuna aliyesema pole, hakuna aliyesema ndiyo dunia. Walikaa tu, watu wazima kwenye viti vya watoto. Kinyozi aliinuka nusu, akatazama ukuta, akakaa tena.

Mlinzi akagonga dirisha kwa ufunguo.

"Kwa utaratibu," Daktari akasema taratibu, "naomba nikuulize, ndugu. Unaliondoa pingamizi lako?"

Kaka akafikiri. "Leo hapana."

"Basi hatujafungua."

"Na tutafungaje kitu ambacho hatukukifungua?" akauliza mwalimu.

Wakaanza kupandanisha viti. Chai ilikuwa imepoa. Fundi alipogeuka alimwona Kinyozi anamwendea kaka yake na vikombe viwili. Akapita kati ya viti haraka, lakini alichelewa.

"Mpimaji," Kinyozi alikuwa anasema, "mkutano haukufunguliwa, kwa hiyo sivunji kanuni. Nina nyongeza kidogo."

Kaka akamtazama.

"Cha mke wangu ni kitana. Nywele bado zimo."

Akampa kikombe, akasimama pembeni yake. Hakuongeza kitu. Walikunywa ile chai baridi yote, na Fundi, aliyeomba muda wote ule aondolewe mzee yule, akajikuta hana pa kuweka macho.

Njiani kurudi walitembea mpaka kona ya fundi viatu.

"Watu wako wanachosha," kaka akasema.

"Najua."

"Neno moja alasiri nzima. Sisi tungekuwa tumeshapima shamba."

"Najua, kaka. Na mazungumzo yako hukuyatoa. Nisamehe. Nilikuahidi sitakusumbua tena, sitakusumbua."

Kaka akapapasa mfuko wa shati, karatasi bado imo. "Wiki ijayo watafunguaje?"

"Hawawezi. Mpaka mwenye pingamizi awepo, aseme."

"Kanuni ya kijinga."

"Ya kijinga kabisa," Fundi akasema.

Kaka akatembea hatua kadhaa. "Sasa si itabidi niende," akasema kwa hasira, kama mtu aliyebebeshwa mzigo wa jirani. "Siwezi kuwaacha wamekwama. Yule mzee atawaletea Upendo tena."

"Sawa," Fundi akasema, na kwa heshima ya Mungu akajizuia kushukuru kwa sauti.