Swali Lisilo na Ukoo

Usiku wa jana niliota nimegeuzwa swali. Sikushangaa. Kazi yangu ni kubuni sehemu za ndani za injini inayouliza data za XML, yaani habari zilizofungwa ndani ya vipengele, na vipengele ndani ya vipengele vingine, kama vyumba ndani ya vyumba. Mtu anayeshinda na maswali kutwa hana haki ya kulalamika akigeuka kuwa mojawapo.

Nilikuwa swali fupi: mtoe Atupele. Atupele ni dada yangu mkubwa. Alikuwa ndani ya waraka, nao waraka ulikuwa unafungwa. Lango lake la nje lilikuwa likishuka polepole, na nilijua, kama mtu ajuavyo mambo ndotoni, kwamba likigusa ardhi, aliye ndani hatasomwa tena na mtu yeyote.

Mapokezini nilipokewa na rula ya mbao iliyovaa tai. Kazi yake ilikuwa kuchanganua maswali. Ilinipima kuanzia kisigino, ikanikata vipande, kisha ikavipanga kama mti uliopinduliwa, mizizi juu. Niliiambia kwamba kichwa changu kimewekwa chini ya goti. Ikajibu kwamba goti lina kipaumbele.

"Hata hivyo, sarufi yako ni safi," ikasema, kwa sauti ya mtu anayesifu viatu vya maiti.

Ikanifungulia mlango, nami nikajikuta kwenye kiti cha kinyozi, soko la Mwanjelwa. Mbele yangu wembe ulikuwa ukijinoa wenyewe. Huyo ndiye Mboreshaji. Hakuajiriwa kunyoa nywele. Hunyoa chochote kisichobadilisha jibu, ili swali likimbie haraka. Alininyoa nyusi. Akanyoa shahada yangu ya pili, ambayo sikujua kwamba huota shingoni. Kisha akafika kwenye sababu.

Sababu zangu za kumkataa mume wa Atupele ni tatu, nami nimezitunza vizuri kwa miaka mingi. Hucheka akiwa na chakula mdomoni. Alikuja kuposa akiwa amevaa koti la mvua, na jua linawaka. Alimjibu baba kabla baba hajamaliza kuuliza. Tangu harusi yao, ambayo sikuhudhuria, sijalitamka jina lake.

Wembe unazikagua sababu zangu. Unazinusa.

"Ukiwa nazo hizi, unamtafuta nani?"

"Atupele."

"Na ukiwa huna?"

"Atupele."

"Basi ni mzigo," ukasema, ukazinyoa kwa mkupuo mmoja. Zilianguka sakafuni, zikafagiwa pamoja na nywele za watu wengine. Niliuliza kama ninaweza kubaki na nakala. Wembe ulikuwa umeshaita mteja mwingine.

Kiti kilizunguka mara moja, na chumba cha kinyozi kikawa ghala. Humo nilimkuta Mtekelezaji, yule ambaye hatimaye huingia ndani ya waraka na kutoka na jibu. Alikuwa toroli. Lilikuwa limelala chali, gurudumu juu, likipunga upepo. Nilipolitaka lianze kazi, lilinieleza kwa kirefu kwamba halifanyi lolote mapema. Mpaka mtu aombe, hakuna kinachotafutwa, na anayeomba kimoja hawezi kutegemea viwili. Nimehudumiwa kwa falsafa hiyo katika ofisi nyingi, ila huko hawaiiti usanifu.

"Leta," nikasema.

Toroli likaondoka likipiga kelele. Likarudi tupu, lenye furaha ya mtu aliyeshinda kesi.

"Tayari."

"Hamna mtu humu."

"Ndivyo. Utupu ni jibu. Halina kosa hata moja."

Kanuni hiyo niliifahamu. Wiki iliyopita niliisifu mbele ya wenzangu wote, tena kwa chaki za rangi mbili. Sasa nilipoisikia ikitoka kwa toroli, nilitambua kwamba ilitungwa na mpumbavu mwenye mwandiko mzuri.

Lango linashuka. Liko usawa wa kifua. Ninachungulia ndani na kumwona Atupele mwenyewe, chumba cha tatu, anapepeta mchele. Anaonekana waziwazi. Ninamwelekezea kidole, nikiliambia toroli:

"Huyo pale."

"Huyo sikuagizwa. Wewe umemwomba Atupele Mwakalinga."

"Ndilo jina lake."

"Ndilo jina lako. Kila aliyemo humu ana ukoo. Ukilitaja jina kwa ukoo usio wake, unamwita mtu mwingine, ambaye hayupo. Nimekuletea huyo asiyekuwapo. Nilimbeba kwa uangalifu mkubwa."

Wanagenzi wote huanguka hapo katika siku zao za kwanza. Huandika jina la kipengele, husahau ukoo wake, na injini huwapa utupu kwa adabu kamili. Mimi huwacheka.

Lango limefika kiunoni. Nilifungua mdomo ili nikatae. Niliitafuta sababu ya kwanza, nikapapasa ngozi laini. Nikaitafuta ya pili. Mtu aliyenyolewa sababu hana mengi ya kusema.

"Leta Atupele Kibona," nikasema, kama mtu anayetema mwiba wa samaki.

"Rudia. Lango lina kelele."

Nikarudia.

Safari hii toroli lilirudi limeinama kwa uzito, likakwama upande wa ndani wa lango. Sheria ni kwamba aombaye kipengele hupewa pamoja na vyote vilivyomo ndani yake. Mbele alikaa Atupele na ungo wake. Nyuma yake alikuwa Kibona, ndani ya koti la mvua, akitafuna. Walifuata mama yake Kibona juu ya kigoda, jogoo mmoja, na mtoto wa kike mwenye kandambili za waridi, ambaye sikuwahi kumwona.

"Nilimwomba mmoja," nikasema.

"Huyo ndiye mmoja," likajibu toroli.

Mama yake Kibona alinitazama kuanzia juu hadi chini, ambako ndiko kilikokuwa kichwa changu.

"Huyu ndiye yule kaka yako?"

"Ndiye, mama," akasema Atupele.

"Nilidhani ni mrefu."

Kibona akacheka, chakula mdomoni. Nilijua kwamba jambo hilo lilipaswa kuniudhi, ila sikukumbuka kwa nini.

Wanatoka kwa mpangilio wa waraka, si kwa heshima ya mtu. Jogoo anatangulia, maana ameandikwa mwanzo. Mtoto anafuata wakubwa wote. Lango liko chini ya magoti, na yeye bado yuko upande wa ndani. Ninaliamuru lisimame. Lango halina masikio. Ninalala kifudifudi, kazi isiyonisumbua kwa kuwa kichwa kiko chini tayari, ninaingiza mkono na kushika nilichokifikia.

"Mjomba, huo ni mguu," akasema mtoto.

"Nimeuona," nikamwambia, nikavuta.

Akateleza nje. Lango likagusa ardhi bila sauti yoyote, na kandambili moja ikabaki mkononi mwangu. Atupele aliweka ungo chini, akanijia, akaushika uso wangu kwa mikono miwili.

"Ambakisye," akasema, "nyusi zako ziko wapi?"

Niliamka. Kumekucha. Nilijishika nyusi, nikazikuta zote mbili, nikahitimisha kwamba ndoto ni upuuzi. Kisha nikashusha miguu kutafuta ndara zangu. Mguu wa kulia uliingia katika kitu kilichokataa kupokea zaidi ya vidole viwili. Nikainama. Ilikuwa kandambili ya mtoto, ya waridi. Ninaishi peke yangu.

Nilimpigia mama, nikamwomba namba ya simu ya Kibona. Alinitajia kwa kichwa, tarakimu kwa tarakimu, bila kuuliza ni ya nini. Alinishauri tu nisipige kwa sasa, maana tangu alfajiri wote wa nyumba ile wako nje wanamtafutia mjukuu wake kandambili moja iliyopotea.