Vidonge vya Nyuki

Tangu daktari alipomwamuru mama mkwe atembee kila asubuhi kupunguza sukari mwilini, fundi cherehani hakuwa tena na asubuhi ya kwake. Mumewe ndiye aliyekata shauri: mama hatembei peke yake. Basi kila siku saa kumi na mbili na nusu wakawa wanauzunguka uwanja wa mpira, mama mbele kwa mwendo wa askari, fundi, mkaza mwana wake, nyuma na chupa ya maji. Nyumbani, cherehani ilikuwa imewekwa sebuleni ili mama aione. Sokoni walikwenda wawili. Hata jasho, masikini, alilitoa akiwa chini ya ulinzi.

Mama alikuwa mtu wa kukagua. Alikagua sufuria, alikagua mishono, na wiki mbili nyuma alikagua mkoba wa mkaza mwana akaibuka na pakiti ya vidonge.

"Hivi vya nini?"

Fundi akaropoka la kwanza lililomjia. "Vya nyuki, mama. Wakiniuma navimba."

Kuvimba, alikuwa anavimba kweli. Tangu utotoni, nyuki mmoja tu na jicho linafunga. Lakini vidonge vilikuwa vya kuzuia mimba.

"Basi nitavishika mimi," mama akasema. "Si mimi ndiye ninayetembea nawe?" Akavifunga kwenye pindo la kitenge chake, na jioni akamweleza mwanawe kwamba mkewe anaugua nyuki. Tangu siku hiyo kila asubuhi fundi alitembea nyuma ya lile fundo, likining'inia mbele ya macho yake, naye hana jinsi ya kuliomba wala ya kutoka peke yake kununua vingine. Usiku alihesabu siku kwenye vidole mpaka vidole vikaisha.

Asubuhi ile walikuwa mzunguko wa tatu. Mama alikuwa amejipaka mafuta ya nywele yanayonukia hatua kumi, na nyuki mmoja akavutiwa, akamtua shingoni.

"Mama, usimpige!"

Mama hakuwa na mazoea ya kuamrishwa. Akampiga kofi, akamsaga. Nyuki akisagwa anaacha harufu ya kuwaita wenzake, na wenzake walikuwa jirani tu, ndani ya spika kuukuu juu ya nguzo ya uwanja. Walishuka kundi zima. Fundi akamkamata mama mkono, kwa mara ya kwanza maishani akamburuta, wakatumbukia kwenye kibanda cha kukatia tiketi. Akaubamiza mlango wa bati, akaivua skafu yake akaisokomeza dirishani.

Ndani kulikuwa na giza na joto, na nafasi ya watu wawili wanaopendana. Nyuki walilipigapiga bati huko nje.

Mama alikuwa anaubana mwiba shingoni kwa vidole viwili. "Usibane, mama. Ukibana unajisindilia sumu. Kwangua." Akamkwangulia mwenyewe kwa ukucha wa kidole gumba, ule wa kukunjia pindo. Kisha akajikwangua yeye: mkononi, kisogoni, mdomoni. Miiba sita. Alipofika wa sita midomo ilishakuwa mizito, na koo lilianza kumkaba.

"Unavimba!" Mama akalifungua fundo haraka haraka, akatoa kidonge. "Haya, si unaona nilivyokutunzia? Meza."

Fundi akakitazama kile kidonge kidogo kwenye kiganja cha mama mkwe. Angeweza kukimeza, akasema ahsante, akafa na heshima zake. Nje nyuki, ndani mama, na kooni mwake pumzi inapita kwa kuomba ruhusa kama yeye mwenyewe. Akachoka. Alichoka ghafla, kabisa.

"Si vya nyuki," akasema kwa sauti iliyokauka. "Ni vya kuzuia mimba."

Mama akakigeuza kidonge kiganjani.

"Yule mtoto mlimzika huku mimi bado natoka damu ya uzazi, mama. Hata arobaini haikupita, mwanao akataka tujaribu tena. Naogopa. Naogopa kufa." Na hapo akacheka kidogo, au alikohoa, maana kufa kwenyewe ndiko huko kulikokuwa kunakuja.

Mama akakirudisha kidonge kwenye pakiti, akaifumbata. Akajivika kitenge kichwani mpaka usoni. "Funga mlango nyuma yangu," akasema, akatoka. Fundi alisikia ndala zikikimbia kwenye changarawe, za mwanamke mwenye goti bovu, kisha yowe, kisha ndala tena. Baadaye mlinzi wa uwanja alikuja na gunia linalofuka moshi, akambeba.

Zahanati walimdunga sindano ya paja, na pumzi ikarudi polepole. Mama alilala kitanda cha pili. Nesi alikuwa amemkwangua miiba ishirini na tatu, na uso wake ulikuwa umeumuka kama unga uliotiwa hamira.

Mume akaingia anahema. "Mama, si ulikuwa na vidonge vyake vya nyuki?"

Fundi akafumba macho.

"Vilikuwa vimepitwa na muda," mama akasema. "Nimevitupa. Kamuulize nesi cha kununua."

Mume akatoka. Mama akanyoosha mkono kuvuka nafasi kati ya vitanda, akamtia fundi kiganjani ile pakiti, imekunjika na ina jasho.

"Mimi nilizaa tisa," akasema, akitazama ukuta kwa jicho moja lililobaki wazi. "Nimebaki na watatu. Sikuulizwa hata mara moja."

Fundi akaifumbata pakiti. Nesi alipokuja kumpima alimkuta amekunja ngumi, akadhani ni maumivu, akamwambia ailegeze. Hakuilegeza.