Lori Ndani ya Kasha

Babu aliendesha malori tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka ndevu zilipokuwa nyeupe pe. Daktari alipomwambia goti lake la kulia halifai tena kukanyaga breki, alicheka akidhani ni utani. Lori lilipouzwa ndipo akajua kwamba daktari yule si mtu wa utani.

Kwa muda alijipoza dirishani. Nyumba yao ilikuwa kwenye kona, penye mwinuko, na kila lori lililopanda Babu alilisoma kwa masikio tu.

"Huyu kachelewa kupunguza gia."

"Huyu mkanda wa feni umelegea. Hafiki mbali."

Bibi alimjibu kutoka jikoni, "Na sufuria langu hili linalolia, liko gia ya ngapi?" Nyumba nzima ikacheka.

Kisha ikaja siku malori yakapanda na kushuka, Babu asiseme neno. Alinyanyuka, akavuta pazia, akarudi kukaa.

Aliyeliona pazia lile ni mjukuu wake, binti aliyemaliza chuo mwaka huohuo na ambaye bado alikuwa akizunguka na bahasha yake ya vyeti akitafuta kazi. Babu alimwita Profesa. Siku za furaha alimwita "mke wangu mdogo", na Bibi alinuna kwa makusudi na kudai talaka. Sasa Babu hakumwita chochote, na jambo hilo lilimuuma Profesa kuliko barua zote za kunyimwa kazi.

Profesa alikuwa mtu wa kuamini kwamba kila ugonjwa una dawa yake. Dawa ya huu aliijua: gemu ya kuendesha malori. Ina barabara ndefu, ina mvua, ina mizani ya kupimia mizigo, na haihitaji goti hata kidogo, kwa sababu breki unaweza kuihamishia kwenye kitufe kilicho nyuma ya usukani. Usukani wa kuchezea alikwisha kuupata kwa jirani aliyekuwa anahama. Ilibaki kompyuta yenyewe, yenye nguvu ya kuivuta gemu ile bila kuufilisi ukoo.

Akawapigia ndugu simu. Kila mmoja angetoa alichoweza. Baba yake, aliyekuwa akifanya kazi mbali, alituma kasha la kompyuta, diski, na pawa saplai ya kuvigawia vifaa umeme. Vifaa viwili vilivyobaki ndivyo vikubwa: prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, na ubao mama, ile bodi ambayo vifaa vyote huketi juu yake.

"Ubongo niachie mimi," alisema Shangazi, ambaye alikuwa muuguzi. "Nimeshika vichwa vya watu wengi, cha kompyuta kitanishinda?"

"Huo ubao ni wangu," alisema Baba Mdogo, fundi bomba. "Umenieleza vizuri. Ni kama ukuta, mabomba yote yanapita humo."

"Lakini lazima vilingane," Profesa aliwaambia wote wawili. "Kabla ya kununua, ulizaneni."

Wote wawili waliitikia. Hakuna aliyeuliza.

Shangazi na mdogo wake walikuwa hawasemezani tangu lori lilipouzwa. Baba Mdogo ndiye aliyetafuta mnunuzi, kwa ruhusa ya Babu, kabla kutu haijalimaliza. Shangazi alitoka zamu ya usiku akakuta uani pamebaki doa la oili tu. Utotoni yeye na mdogo wake waligombania kiti cha dirishani katika lori lile kila likizo. Sasa hata kuliaga hakuliaga. Kuanzia siku hiyo, wakikutana mezani, Shangazi humwambia Bibi, "Mwambie mwanao chumvi iko mbele yake," na Baba Mdogo humwambia Bibi, "Mwambie mwanao nimeiona."

Profesa alilijua hilo vizuri, na ndiyo sababu aliwapa vifaa vile viwili. Alijiambia kwamba watu hawawezi kununua prosesa na ubao bila kuongea. Moyo mwema haukosi nia, ila hukosea njia.

Vifaa vilipofika, alivipanga juu ya meza ya sebuleni. Kadi ya kuchora picha za skrini aliyoinunua mwenyewe, iliyokwisha kutumika, alikuwa ameipima kwa futi ya Bibi ya kushonea, na iliingia ndani ya kasha bila kugusa ukuta. Pawa saplai ilitosha na kubaki. Kisha akaigeuza prosesa ya Shangazi. Tumbo lake lilijaa vijipini vyembamba kama meno ya kitana. Akafunua kitanda cha prosesa kwenye ubao wa Baba Mdogo. Nacho kilijaa vijipini.

Pini kwa pini, kama majogoo wawili waliokutana mlangoni.

Alimpigia Shangazi.

"Prosesa yangu ina kasoro?"

"Haina, Shangazi."

"Basi ubao wake ndio wenye kasoro."

"Nao hauna."

"Sasa hiyo kasoro iko wapi?"

Profesa aliuma ulimi. Angeusema ukweli, angekosa adabu.

Baba Mdogo naye alikuwa na lake. "Nimeuza lori nikaitwa katili. Nikibadilisha ubao nitaitwa mjinga. Abadilishe yeye."

Hapo Profesa aliishiwa maneno ya kisomi. Alimwambia kila mmoja jambo moja tu: "Babu amevuta pazia. Malori yanapita, hasemi kitu."

Kila mmoja akasema, "Nitaona," akakata.

Katikati ya wiki Profesa alikwenda kwenye usaili wa kazi. Aliporudi, meza ilikuwa imepungua vitu viwili, na Bibi alikuwa anamenya vitunguu kwa bidii ya mtu mwenye siri.

"Bibi, vimekwenda wapi?"

"Vinakuja," alisema Bibi. "Usiniulize. Vitunguu vinaniliza."

Jioni uliingia ujumbe wa Shangazi: *Jumamosi kusanya watu. Mambo tayari.* Haujapita muda, ukaingia wa Baba Mdogo: *Jumamosi waite wote. Mambo safi.* Profesa aliruka mpaka ndala ikamtoka mguuni. Wameongea! Aliimba akiosha vyombo, na Bibi alimwangalia kwa mashaka.

Jumamosi mchana sebule ikajaa. Babu alikaa kwenye kiti chake karibu na pazia, mikono mapajani, kama abiria aliyeteremshwa njiani. Shangazi aliweka prosesa mezani bila kumtazama mdogo wake. Baba Mdogo aliweka ubao bila kumtazama dada yake. Profesa akaona ajabu kidogo, lakini akafungua.

Tumbo la prosesa lilikuwa laini, limetapakaa vidoa vya dhahabu. Kitanda cha ubao kilikuwa na vitundu vitupu, vinasubiri pini. Juzi pini zilizidi. Leo hapakuwa na hata moja.

"Nani amebadilisha?" Profesa aliuliza kwa sauti iliyokonda.

"Mimi," walijibu wote wawili.

Kwa mara ya kwanza tangu lori liondoke, wakatazamana.

"Wewe? Umebadilisha ubao?"

"Ufuate prosesa yako. Na wewe je?"

"Nimebadilisha prosesa ifuate ubao wako!"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungepokea simu?"

Wakamgeukia Bibi. Bibi alikunja mikono. "Mlikuja wote. Kila mmoja kasema, mama, usiseme. Mimi nimezaa watoto, sikuzaa redio. Nikanyamaza."

Karibu na pazia ikasikika sauti ya kukoroma, kama injini iliyokaa muda mrefu bila kuwashwa. Ilikata, ikakoroma tena, ikashika. Babu alikuwa anacheka.

"Malori mawili," alisema akifuta macho, "yamekutana kwenye daraja jembamba. Hakuna anayetaka kumpisha mwenzake. Honi huku, honi kule. Halafu, ghafla, wote wanarudi nyuma! Daraja tupu! Wanangu, nani aliwapa leseni?"

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini, na alipokuwa chini sauti yake ikabadilika.

"Ungeniambia tu siku ile," alimwambia mdogo wake. "Ningekuja kuliaga."

Baba Mdogo alitazama viatu vyake. "Niliogopa ungelia, dada. Na ukilia wewe, mimi siuzi. Lingeozea hapa uani."

"Kweli ningelia."

"Najua."

"Haya, simama, fundi bomba. Washa gari, twende dukani nilikonunua prosesa kabla hawajafunga."

Babu naye alidai kwenda, tena kiti cha mbele. Shangazi na Profesa wakakaa nyuma katikati ya mabomba. Njia nzima Babu hakunyamaza. "Punguza gia, baba, unaua injini! Kioo hicho cha pembeni umewekewa pambo?" Baba Mdogo alitii kila neno, huku akitabasamu peke yake.

Muuza duka alipomwona Shangazi alishika kiuno. "Mama, si ulikuwa hapa juzi?"

"Nimerudi na sababu," alisema Shangazi, akimwonyesha mdogo wake kwa kidole. "Nipe ile yangu ya kwanza. Yenye pini."

Ilikuwa bado ipo rafuni, kwenye kasha lake lilelile.

Nyumbani, Profesa aliitua prosesa juu ya vitundu. Hakuisukuma. Ilizama yenyewe, taratibu, kama mtoto anayejilaza kitandani kwake. Akafunga kikomeo, akaweka feni, akaunganisha nyaya, akabonyeza kitufe. Feni ilizunguka. Taa ikawaka. Akaupachika usukani ukingoni mwa meza.

Gemu ilipofunguka, Babu aliushika usukani. Kwanza hakwenda popote. Aliurekebisha mgongo wake, akanyoosha mkono kurekebisha kioo kisichokuwepo, akabonyeza honi. Lori likalia sebule nzima.

"Profesa."

"Abee, Babu."

"Mke wangu mdogo, nifungulie hilo pazia. Dereva gani anaendesha kwenye giza la mchana?"

"Talaka yangu naitaka leo hii!" Bibi alisema kutoka jikoni, na Profesa akalivuta pazia kwa nguvu, mgongo wake ukiwa kwa watu ili wasimwone machozi.

Babu aliweka gia, kisha akasita. "Safari ni ndefu. Nani utingo wangu leo?"

Shangazi na Baba Mdogo walikuwa wamekwisha kuvuta viti, kila mmoja ubavu wake, na tayari walikuwa wanazozana ni ipi kati ya pande zile iliyo ya dirishani.